Asubuhi Fulana, Usiku Theluji

Maneno yaliyosemwa mbele ya jumuiya ya wasemaji wa Kiswahili, Aurora, Colorado, Jumapili moja ya Aprili baada ya ibada

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu wa Kongo, wa Burundi, wa Kenya, na sisi wa Bongo tuliojibanza nyuma karibu na birika la chai, habari za mchana. Mchungaji amenipa dakika 25 na tayari amenionyesha saa yake mara mbili, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana nje.

Mimi si mtabiri wa hali ya hewa. Mimi ni dereva. Nyumbani nilipiga Dar–Tunduma kwa miaka 6, Kitonga naijua kona kwa kona. Hapa huu ni mwaka wa 12 nikiwa kwenye usukani wa semi, na safari zangu nyingi ni I-70 kwenda Kansas au I-76 kwenda Nebraska. Nimeitwa mbele kwa sababu ramani za hali ya hewa mnazotumiana kwenye simu zimejaa rangi, na tangu juzi naulizwa swali moja tu: "Kaka, wiki ijayo itanyesha?"

Hilo ni swali la masika ya nyumbani. Kule mwezi huu mtu akiambiwa itanyesha, anabeba mwavuli, anakunja suruali, anasubiri daladala kwenye tope, maisha yanaendelea. Hapa swali hilo halikusaidii kitu. Dhoruba moja, saa ileile, inaweza kuwa theluji ya magotini kule Evergreen, mvua ya mawe hapa Aurora, vumbi la kuziba macho Goodland, na moto wa nyasi kusini zaidi. Kwa hiyo jiulize hivi: siku hiyo nitakuwa wapi, saa ngapi, na dhoruba itakuwa upande gani wangu?

Sitawasomea ramani ya wiki. Nikiwasomea sasa hivi, kesho jioni itakuwa imebadilika, nanyi mtabaki mmeshikilia ya Jumapili. Nitawaeleza mnyama mwenyewe alivyo, ili kila asubuhi mkiitazama ramani mjue amegeukia wapi.

Mnyama huyu hutoka Pasifiki. Hewa inavuka Milima ya Rocky, na ikishuka upande wetu wa mashariki, mara nyingi kule kusini-mashariki ya Colorado, panazaliwa kile wanachokiita watu wa hali ya hewa mgandamizo mdogo wa hewa. Chukua beseni la maji, tia kidole katikati, zungusha. Maji yote yanafuata kidole. Hicho kidole ndicho kitovu cha dhoruba, na huku kwetu kinazungusha hewa kinyume cha mishale ya saa. Kwa mbele, kusini-mashariki, kinavuta hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko. Kwa nyuma, kaskazini, kinavuta baridi ya Kanada. Kwa kusini-magharibi kinavuta hewa kavu ya jangwani. Katika miezi hii ya machipuko hewa zote tatu zina nguvu. Baridi haijakubali kuhama na joto limeshaleta mizigo yake mlangoni.

Sasa sisi wa Aurora tunapata fungu gani? Inategemea kitovu kinapita wapi. Kikipita kusini yetu, upepo unatujia kutoka mashariki na kuisukuma hewa yenye unyevu ipande mlima. Hewa ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Ndiyo maana theluji kubwa za hapa hazishuki kutoka milimani kama mgeni anavyodhani. Zinakuja kutoka upande wa Kansas. Kikipita kaskazini yetu, sisi tunapigwa upepo mkavu tu na majirani wa Wyoming ndio wanaozikwa. Kwa hiyo mkimsikia mtabiri wa ofisi ya Boulder Jumatatu anasema sentimita 30 na Jumanne anasema 5, msimcheke. Kidole kimehama kidogo kwenye beseni.

Na msidanganywe na kalenda. Mwezi wenye theluji nyingi zaidi Denver ni Machi, si Desemba. Machi 2003 ziliangushwa sentimita 81 katika dhoruba moja. Machi 2021, sentimita 69, hata uwanja wa ndege ukafunga njia zake zote. Aprili hufuata nyuma yake, na Mei haijasalimika. Walioingia hapa kabla ya 2022 watakumbuka: tarehe 19 Mei watu walikuwa kwenye fulana, wengine wanachoma nyama bustanini. Kesho yake usiku theluji ikaangukia miti ambayo imeshatoa majani. Tawi lenye majani linabeba theluji kama mikono iliyopokea mtoto, halafu linakatika. Likikatika linalala juu ya waya. Usiku ule nilisikia matawi yakivunjika mtaani kwetu kama fataki.

Theluji ya machipuko ni nzito, imejaa maji. Kwa wazee hapa: chepe la theluji ya Aprili si sawa na chepe la Januari. Waachieni vijana. Moyo haujui kuwa wewe ulikuwa mkulima hodari Fizi.

Umeme ukikatika, hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana linatuhusu sisi kuliko wenzetu waliozaliwa hapa. Sisi umeme ukikatika hatushtuki. Tumelelewa nao ukikatika. Tuna jiko la mkaa kwenye balkoni, tena wengine tumelisafirisha kutoka mbali kwa gharama kuliko bei yake. Baridi inaingia, watoto wanatetemeka, na mama anafikiri: niliingize jiko ndani kidogo tu, litatupasha. Mama yangu, nakusihi, usiliingize. Nyumba ya kwetu ina mwanya juu ya ukuta, ina dirisha la mbao lisilofunga vizuri, moshi unapata njia. Nyumba za hapa zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke. Mkaa hata ukiwa hautoi moshi, hata ukiwa mwekundu wa kupendeza, unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Unasikia usingizi, unasinzia, huamki. Februari 2021, Texas ilipogandishwa na umeme kukatika, mamia ya watu walikimbizwa hospitali kwa gesi hiyo, na wengine hawakurudi. Walikuwa wanatafuta joto: mkaa, jenereta, gari lililowashwa ndani ya gereji. Jenereta hukaa nje, mbali na dirisha. Gari usiliwashe gerejini hata mlango ukiwa wazi. Jiko libaki balkoni, na ndani vaeni koti, kofia, soksi mbili, mlale chumba kimoja wote kama tulivyolala kambini. Hilo tunalijua vizuri.

Haya, maneno mawili ya Kiingereza. Simu zenu hazitalia kwa Kiswahili. Zitalia kwa Kiingereza, pengine kwa Kihispania, sisi hatumo. Na maneno yenyewe yanaanza na herufi moja: Watch na Warning. Ukiyapitisha kwenye tafsiri ya simu yote yanaweza kutoka "onyo", au yote "tahadhari", na hapo ndipo watu wanapotea. Watch ni kuambiwa simba wameonekana wilayani. Warning ni kuambiwa simba yuko uani.

Watch ya kisulisuli, yaani tornado, hutolewa na kituo kilicho Norman, Oklahoma, kwa eneo kubwa, kaunti nyingi, kwa saa kadhaa. Ukiipata, chaji simu, jua watoto wako wapi, usianze safari ya kwenda kumtembelea shemeji Fort Morgan. Warning hutolewa na ofisi ya karibu, kwa kipande kidogo cha ardhi, na mara nyingi haidumu hata saa moja. Ukiipata huulizi mtu, hupigi picha, hutoki kibarazani kuangalia. Unashuka chini.

Ila kuna mtego. Neno ni lilelile lakini muda wake hutofautiana. Warning ya theluji inaweza kuja nusu siku kabla ya chembe ya kwanza, ukatoka nje ukakuta jua, ukasema hawa waongo. Warning ya kisulisuli inakuja dakika chache kabla. Kwa hiyo usiishie kwenye neno moja, soma na lile lililotangulia. Na ile sauti mbaya ya simu inayowakera, msiizime. Najua wengi mmeizima, nimeona mikono ikishuka chini ya meza. [Vicheko.]

Nimesema kisulisuli, na kuna mzee hapa mbele ananitazama. Mzee, nimechagua neno hilo makusudi. Watangazaji wetu wengi husema kimbunga, lakini kimbunga kwetu ni kile cha baharini, kama Idai kilichopiga Beira 2019, au Hidaya kilichokuja pwani ya Tanzania Mei 2024. Kile kinatoka baharini, kinapewa jina, Mamlaka ya Hali ya Hewa inakitangaza siku kadhaa kabla, wavuvi wanavuta ngalawa. Tornado haipewi jina wala haisubiriwi. Inateremka kutoka kwenye wingu la radi, inapita kwenye mtaa mmoja, mtaa wa pili haujui. Sura yake ni ya kile kisulisuli kinachozungusha mavumbi kwenye uwanja wa shule Dodoma, tuliambiwa tusikikimbilie kina jini. Ukisikia kimbunga unasubiri siku tatu. Ukisikia kisulisuli unaruka. Ndiyo sababu yangu.

Ndugu wa Greeley, ninyi mpo kaunti ya Weld, kaunti ambayo vimeripotiwa visulisuli vingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Marekani. Vingi ni vidogo. Lakini tarehe 22 Mei 2008 kimoja kilipita Gilcrest na Milliken kikaingia Windsor, na kikaua mtu. Kilikuja kabla ya saa 6 mchana, wakati watu wamezoea kwamba mambo haya ni ya alasiri, na kikaelekea kaskazini-magharibi, wakati vingi huelekea kaskazini-mashariki. Kwa hiyo mtu akikwambia "vinakuja jioni tu, na vinaelekea kule," mwambie Windsor.

Ukiwa na besimenti, chumba cha chini ya ardhi, shuka. Ukiwa ghorofani, shuka mpaka chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha, mara nyingi bafuni. Wengi wenu mnaishi kwenye nyumba za trela, na hapo sina maneno ya kufariji: trela haikai mbele ya upepo ule hata ikifungwa minyororo. Kwenye Watch, siyo Warning, tayari muwe mmeamua mtakwenda kwa nani mwenye nyumba ya tofali au besimenti. Msione haya kubisha hodi. Na madereva wenzangu, usijifiche chini ya daraja la barabara. Inaonekana kama pango, lakini upepo ukipita pale unabanwa na kuongezeka kasi. Tarehe 3 Mei 1999 huko Oklahoma watu 3 walikufa chini ya madaraja matatu tofauti wakijificha.

Wala usikifuate kwa gari ili upate video. Bennett, hapo mbele tu kwenye I-70, aliishi Tim Samaras, mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza visulisuli kwa vyombo vyake mwenyewe, aliyejulikana kwa uangalifu. Mei 31, 2013 karibu na El Reno, Oklahoma, kilimgeukia akafa pamoja na mwanawe na mwenzao mmoja. Kilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 4, mtu hata hakioni kuwa ni nguzo. Unaona ukuta mweusi wa mvua tu.

Sasa barabara. Hapa ndipo kwangu.

Tarehe 13 Machi 2019 nilikuwa natoka Kansas kurudi Denver, trela tupu. Asubuhi huku mvua ilikuwa ya kawaida. Nikasimama Limon kunywa kahawa na nikaona madereva wazee wa Kizungu wameegesha, wamevua viatu. Wamevua viatu! Dereva akivua viatu saa 4 asubuhi ujue anajua kitu. Dispatcha, yaani mpangaji wa safari, wa kampuni niliyokuwa naifanyia kazi, ambayo sitaitaja, akanipigia mara tatu. Kila mara neno lake lilikuwa moja: "Barabara bado iko wazi." Na kweli ilikuwa wazi. Mimi nami nina kiburi cha Kitonga, nikajiambia tutafika tu.

Sikufika. Kabla ya Deer Trail theluji ilikuja kutoka ubavuni. Haikuanguka, ilikuja ubavuni kama mchanga unaorushwa na koleo. Trela tupu lenye urefu ule ni tanga la jahazi. Nikahisi magurudumu ya nyuma yanahama kulia, nikapunguza, nikasimama nyuma ya mstari wa taa nyekundu, na taa nazo zikapotea. Mbele ya pua ya lori kulikuwa na gari dogo, mama na watoto wawili. Nikawapandisha kebini. Tulikaa humo saa 19. Nilikuwa na nusu mkate, maji, blanketi mbili na chupa ya chai, na ule mkate wale watoto waliukata vipande vidogo kama wanagawa komunyo.

Siku ile karibu na Lamar mgandamizo ulishuka hadi milibari 970 hivi, chini kuliko wowote uliowahi kupimwa Colorado. Colorado Springs upepo ulifika kilomita 156 kwa saa. Kaunti ya El Paso peke yake magari zaidi ya 1,000 yalikwama. Na kwenye I-76, kaunti ya Weld, askari wa barabara wa jimbo aligongwa akafa wakati anamsaidia dereva aliyeteleza nje ya njia. Huyo ndiye ninayemfikiria kila ninaposikia mtu anasema "nikikwama watakuja kunitoa". Watakuja, ndiyo. Wao nao wana watoto.

Ninachotaka mkishike kwenye hadithi hiyo ni kwamba theluji yenyewe haikuwa nyingi sana pale nilipokwama. Blizadi, ile dhoruba ya theluji na upepo, haipimwi kwa sentimita. Inapimwa kwa upepo: kilomita 56 kwa saa au zaidi, macho yasione zaidi ya mita 400, kwa saa 3 mfululizo. Ukisikia "theluji ni sentimita 10 tu" na pembeni pameandikwa upepo, wewe soma upepo.

Ukikwama, usitoke kwenye gari kutembea. Toka mara moja tu kusafisha ekzosi, maana theluji ikiziba ekzosi ile gesi ya jiko inaingia kwako. Washa injini dakika 10 kila saa. Funga kitambaa chochote chenye rangi kwenye antena. Tanki lisishuke chini ya nusu wiki hii, hata kama petroli ya Costco ni nafuu Jumamosi.

Wanaokwenda milimani, kuna sheria. Kati ya Morrison na Dotsero kwenye I-70, kuanzia Septemba 1 mpaka Mei 31, malori yanatakiwa yawe na minyororo ndani hata siku ya jua, na magari madogo tairi ziwe na kashata ya milimita 5 hivi. Aprili bado imo. Handaki la Eisenhower liko mita 3,400 juu ya bahari, na ukipanda Loveland Pass unakuwa mita 3,655, karibu sawa na Horombo pale Kilimanjaro. Hakuna mtu anayekwenda Horombo na shati la mikono mifupi, lakini kila Aprili nawakuta vijana wetu Loveland wamevaa kandambili wanapiga selfi. Jua la Aprili linalainisha theluji ya mteremkoni, na juu yake ikiongezeka mpya, inaporomoka. Machi 2019 maporomoko yalifika mpaka kwenye lami ya I-70 yenyewe. Kabla ya kuacha barabara na kuingia porini, soma taarifa ya siku ya kituo cha maporomoko cha jimbo. Hiyo ni ya wachache wenu, napita.

Upande wa tambarare kuna sura ambayo wengi hawaitarajii: vumbi. Tarehe 14 Machi 2025, karibu na Goodland, Kansas, upepo uliinua udongo wa mashamba makavu ukafunika I-70. Magari zaidi ya 50 yaligongana, watu 8 wakafa. Hakukuwa na tone la mvua. Siku hiyohiyo Oklahoma ilikuwa inaungua, na usiku wake Missouri ilipigwa na visulisuli. Dhoruba moja. Aliyeuliza "itanyesha?" pale Goodland angejibiwa hapana, na lingekuwa jibu la kweli.

Vumbi likikufunika, mwili utakwambia washa hazadi. Ukiwa bado unatembea kwenye njia, taa ziwashe. Lakini ukishatoka nje ya lami, mbali kadiri unavyoweza, zima taa zote na utoe mguu kwenye breki. Anayekuja nyuma haoni barabara, anaona taa zako tu, anadhani wewe ndiye barabara. Atakufuata.

Na siku ya upepo mkavu nyasi za tambarare bado ni za kahawia, zimekufa na baridi. Mkiona Red Flag Warning, yaani onyo la hatari ya moto, hakuna kuchoma nyama nje, hakuna kutupa kichungi cha sigara, na mnyororo wa trela usiburute kwenye lami maana cheche moja inatosha. Februari 2024 kaskazini ya Texas moto mmoja wa nyasi ulikula zaidi ya eka milioni 1.

Mchungaji, naona saa. Dakika nne.

Radi. Ndugu wa Kivu mnaijua kuliko mtu yeyote humu. Kabare imepimwa kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Na sisi wa Tanzania tuna utani wetu wa Sumbawanga, kwamba huko radi hutumwa, watu wa huko wanisamehe. Radi ya Colorado haitumwi na mtu. Inampiga aliyebaki uwanjani. Mechi za vijana wetu Jumamosi, refa akipuliza kwa sababu ya ngurumo, tunaondoka wote kwenda kwenye magari, siyo chini ya mti, na tunasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Kocha asiyekubali hilo, mchukue mwanao. Mabao yatafungwa wiki nyingine.

Mvua ya mawe: watu wa Kericho na Nandi mmeiona ikichana majani ya chai. Hapa inachana mabati, vioo na mapaa. Tarehe 8 Mei 2017 dhoruba moja ya mawe ilizigharimu kampuni za bima dola bilioni 2.3, na jengo la maduka la Colorado Mills kule Lakewood likafungwa miezi. Kwa hiyo leo jioni fungua karatasi ya bima yako. Ukiwa na bima ndogo, ile ya thadi pati, kioo ni chako mwenyewe. Bima kubwa ndiyo inayolipa mawe, na huwezi kuinunua wingu likiwa limeshatanda. Mawe yakipita, siku ya pili watabisha hodi vijana wenye ngazi, wanasema "paa lako limeharibika, saini hapa, ile sehemu unayotakiwa kulipa mwenyewe tutaibeba sisi". Sheria ya Colorado inawakataza kuibeba. Na ukisaini, una saa 72 za kubatilisha mkataba. Fundi mzuri hatakuharakisha.

Mama mmoja ameniandikia kikaratasi, nakisoma: "Mimi sijui Kiingereza na watoto wako kazini zamu ya usiku. Simu ikilia nitajuaje?" Mama, ahsante. Hili ndilo lililotakiwa kuwa la kwanza na mimi nimeliweka mwisho. Kule nyuma pembeni ya birika kuna karatasi, moja ya Aurora, moja ya Greeley na Evans. Kila jengo au kila uwanja wa trela, tunataka jina la mtu mmoja anayesoma Kiingereza na asiyezima simu usiku. Ikilia, yeye anagonga milango. Haandiki kwenye kundi la WhatsApp, anagonga. Wewe mama andika namba ya mlango wako tu. Vijana mnaosoma hapa, msiondoke kabla hamjajiandikisha, maana ninyi ndio redio yetu.

Blanketi zilizo kwenye maboksi ni za wenye magari, moja moja, zimetolewa na kina mama wa kwaya. Wanaorudi Greeley leo, bendera ya hapo nje imeanza kunyooka, ondokeni kabla ya giza.

Mimi naondoka kesho saa 10 alfajiri kwenda Salina. Nikiona anga imeharibika nitalala Burlington, viatu nimevua. Dispatcha nimeshamwambia.